Nyota Moja kutoka kwa Mama Mapacha

Niseme mapema ili tusisumbuane: katika maoni yote niliyobandika mtandaoni kuhusu kile kiwanda cha mikate, hakuna hata neno moja la uongo, na hakuna binadamu anayeweza kujua kwamba ni mimi. Shuleni nilikuwa nawaandikia wenzangu barua za ruhusa kwa mwandiko wa baba zao, na baba zao wenyewe wakizisoma walidhani walikuwa wamesahau tu. Sembuse Glovu.

Glovu ndiye msimamizi. Jina tulimpa sisi, kwa sababu alivaa glovu moja tu, mkono wa kulia, tangu anaingia mpaka anaondoka. Glovu hiyohiyo ilibonyeza mikate kuona kama imeiva, ikafungua mlango wa choo, ikachokonoa sikio, ikarudi kwenye mikate. Zamani ilikuwa nyeupe. Siku aliyotupunguza watu kumi na mmoja, alitupanga uani karibu na mapipa ya taka, akasoma majina kwenye simu huku anatafuna yai la kuchemsha. Jina langu lilitoka pamoja na kipande cha kiini, kikatua kwenye kola yangu.

"Kiwanda kinawashukuru," akasema, akanipa mkono. Ule wenye glovu.

Miaka miwili nimesimamia mashine ya kukandia unga, shukrani yangu ikawa yai.

Basi nikaingia kwenye ule ukurasa ambao wateja huacha nyota na maoni. Kama Mwalimu Mstaafu, kwa lugha ya heshima na koma mahali pake, nikaeleza jinsi mikate iliyorudishwa na maduka inavyokwanguliwa ukungu kwa kisu, ikasagwa, ikarudi kwenye unga mpya. Kama Dereva wa Lori niliandika bila nukta hata moja, kuhusu mende wa kwenye trei, wanene mpaka wanatembea kwa kujivuta kama wazee waliotoka kula. Kama Mrembo wa Mtaa niliweka vikatuni vya kutapika, saba. Yote niliyaona kwa macho na kuyanusa kwa pua. Harufu ya ule unga uliolala mpaka leo naikuta kwenye mashati yangu, kama soksi iliyosahaulika kwenye ndoo.

Na watu wakasemaje? Mmoja akajibu: "Ila mkate wao ni laini."

Laini. Nilichukia kuliko siku ya yai.

Ndipo nikamtoa Mama Mapacha. Huyu alisimulia habari ya mjusi aliyedondoka kutoka darini akaingia kwenye mashine ya kukandia, mashine inazunguka, jinsi mkia ulivyopatikana na mwenye mkia asipatikane, na jinsi Glovu alivyoitwa, akachungulia, akasema, "Endeleeni, tanuri litaua kila kitu." Mjusi alikuwa wa kweli kabisa. Nilichorekebisha ni kijisehemu tu, nani alikuwepo na nani alisema nini. Halafu, ili nisishukiwe, Mama Mapacha akaongeza kwamba habari hizi kapewa na jirani yake, mama anayefungasha mikate mlemle ndani. Akatoa nyota moja, kwa sababu mtandao haukubali sifuri.

Nilijiona mjanja kweli. Habari ya mjusi ikapita simu hadi simu, na maduka yakarudisha mikate siku mbili mfululizo.

Siku ya tatu shangazi akarudi kutoka kazini, akakaa kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua viatu. Shangazi ndiye aliyenilea, ndiye aliyeniombea kazi pale, na mshahara wake ndio unaotulisha mimi na watoto wake wawili. Kazi yake ni kufungasha mikate. Wafungashaji wako wanne: wanaume watatu, na yeye. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, na wakati naandika halikunijia hata kidogo.

"Glovu anasema ni mimi niliyetoa siri," akasema. "Kesho saa nne nikajieleze kwa maandishi. Nisipoeleweka, nisirudi tena."

"Siri gani, shangazi?"

"Ya mjusi. Mimi hata huyo mjusi sijamwona, baba. Sasa wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Niandikie."

Ningeweza kusema palepale. Mdomo ninao, na kwa kawaida haunipi shida. Badala yake nikachukua karatasi. Nikaandika kuhusu "mtu asiye na haya, anayejificha nyuma ya jina la bandia ili kuwachafua watu wenye jasho lao." Nilijisikia kama nimeishika ile glovu, bado ina joto la mwenyewe.

Shangazi akasoma polepole. "Umemchamba vizuri huyo mshenzi."

"Asante, shangazi."

Kesho yake nikamsindikiza, maana sauti yake hutetemeka mbele ya wakubwa, akataka nimsomee. Ofisi ya Glovu ilinuka mayai. Alisikiliza barua yote huku anavuta vidole vya glovu kimoja kimoja.

"Maneno mazuri," akasema. "Ila mimi sikuitwa kumwona mjusi yeyote. Kama hakuwepo, mama, umenizushia. Kama alikuwepo, umenificha. Chagua mwenyewe."

"Fundi umeme yuko nje, bosi," shangazi akasema. "Ameniambia asubuhi kwamba siku hiyo alikuwepo. Atanisemea."

Fundi akaingia, bisibisi nyuma ya sikio. Ni mtu mkimya. Miaka miwili hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Mjusi alikuwepo, bosi. Nilikuwa juu ya ngazi, nabadilisha taa. Mama huyu alikuwa kule mwisho, kwenye mifuko." Akanielekezea kidevu. "Kwenye mashine alikuwa huyu. Aliizima, akatoa mkia, akautia mfukoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Juu hakutazama. Halafu akawasha."

"Nani aliitwa?" Glovu akauliza.

"Hakuitwa mtu. Na mimi nilinyamaza, hilo ni langu. Lakini habari ya mkia, ukiniondoa mimi, alikuwa nayo huyu peke yake."

Nilitaka kueleza kwamba kumwaga unga wa mashine nzima kungeniletea barua ya onyo. Niliposikia kichwani jinsi sentensi hiyo inavyosikika, nikaimeza. Glovu alinitazama, halafu akautoa mkono wake mezani na kuushusha magotini, kana kwamba mimi ndiye ningeuchafua.

"Mama, rudi kwenye mifuko yako," akamwambia shangazi.

Shangazi hakuinuka. Alikuwa ananitazama mimi, taratibu, kama mtu anayehesabu siku nyuma.

"Siku ya taa," akasema, "ndiyo nilileta nyumbani ile mikate miwili iliyopasuka. Nikala mimi, wakala wadogo zako. Wewe ulisema umeshiba."