Picha ya Mlango wa Fundi Viatu

Mjukuu wangu wa kike anafanya kazi kwenye ofisi inayouchunga mlima wetu wa volkano. Mwaka juzi alizunguka mtaa mzima na simu, akipiga picha kila nyumba, nje na ndani, ili mlima ukilipuka ijulikane nani alikuwa na nini. Nilimfuata nyumba kwa nyumba. Kila alipoinua simu, nilikuwa nimeshasimama mbele, mkono kiunoni.

"Bibi, napiga nyumba, sikupigi wewe."

"Nyumba bila mtu ni banda tu," nikamwambia. Akachoka na mimi, akapiga.

Fundi viatu, jirani ninayegawana naye ukuta, alikataa katakata. "Picha hupigwa wachumba na maiti," alisema, msumari mdomoni. "Mimi bado sijawa chochote."

"Basi nipige mimi." Nikaegemea mlango wake wa buluu uliokuwa wazi, nikachekelea kama niliyetolewa mahari jana.

Fundi akatema msumari. "Bi Arusi huyo. Meno yamekwenda, maringo yamebaki."

Asubuhi moja nikiosha vyombo, simu za mtaa zililia kwa pamoja, sauti mbaya kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Ujumbe ulituambia tuondoke, ukatuonyesha na barabara ya kupita. Fundi hana simu. Nilimgongea ukuta kwa mwiko mpaka akatoka akinitukana. Kufika alasiri jivu lilikuwa limelemea mapaa, na mapaa yamelalia vitanda. Vitandani hapakuwa na mtu. Nikikumbuka hilo, hata magoti yanayoniuma nayashukuru.

Miezi ikapita, ofisi ikaanza kujenga upya. Nyumba yangu ilikuwamo kwenye kompyuta. Ya fundi haikuwamo, na hati zake zilikuwa chini ya jivu.

"Mzee, hapa pako panaonekana kiwanja kitupu," karani wa ofisi alimwambia, mimi na mjukuu wangu tukiwa kando. "Bila ushahidi siwezi kukuandika."

Fundi akageuka, akaelekea mlangoni. Miaka thelathini sijawahi kumwona akiondoka bila kutukana mtu.

"Tafuta picha za yule mwanamke mrembo," nikasema.

Karani hakuelewa. Mjukuu wangu alielewa. Mapozi yangu yote alikuwa ameyatia kwenye faili moja. Akabonyeza, nikatokea nimeegemea mlango wa buluu. Chini yake palikuwa na tarehe na mahali picha ilipopigwa, palepale kwenye kiwanja kitupu. Karani akaikuza mpaka sikio langu likajaza kioo. Nyuma ya sikio kulikuwa na cherehani ya viatu, rafu, dirisha, na fundi mwenyewe amenuna.

"Na huyu mama ni nani wako?"

"Jirani," fundi akasema. "Mungu amweke."

Karani akamwandika.

Juzi nyumba yake ilikamilika, karani akaja kupiga picha ya mwisho. Fundi alisimama mlangoni kama nguzo, kisha akaniita.

"Bi Arusi, njoo usimame hapa. Wasije wakasema si yangu."

Nikamwambia angoje nibadilishe nguo. Akangoja.