Kwa Nini Marinda Yale Yanaitwa Kidosho

Kila mteja aliyeingia na kusema, "Fundi, nitilie kidosho mikononi," alimtonesha fundi kidonda. Mwaka wa kumi na moja huu. Ule mkanda wa kitambaa uliokunjwa marinda madogo madogo na kuzungushwa pembeni mwa gauni, yeye ndiye anayeukunja, anaupiga pasi, anaushona mpaka mgongo unamuuma. Lakini jina ni la mdogo wake. Mafundi wa mtaa huo hawana huruma: mshono huitwa kwa jina la aliyeuvaa kwanza, na aliyeuvaa kwanza ni Kidosho, kitindamimba wa nyumba yao, aliyepachikwa jina hilo tangu utotoni kwa uzuri wake. Fundi mwenyewe waliona aitwe Dada, basi, inatosha.

Leo amekuja mwalimu wa chuo anayekusanya maneno ya washonaji ili yaingie kitabuni. Alikaa kwenye benchi la wateja, daftari magotini.

"Hili neno kidosho, fundi, lilianzaje? Na marinda yenyewe aliyabuni nani?"

Kwa bahati mbaya Kidosho naye alikuwepo, kaleta suruali ya mumewe, karani, ipunguzwe. Suruali tena! Fundi alizijua suruali za karani yule kabla mdogo wake hajazijua. Enzi za ukapera karani alizileta kila wiki, leo zipu, kesho kifungo, hadi fundi akaanza kuja kazini na hereni. Kumbe mwenzake alikuwa anamvizia mdogo wake fundi, aliyekuwa akileta chakula cha mchana. Mara Kidosho huyo, kitambaa cha bluu mkononi, uso unang'aa: "Dada, nishonee gauni. Jumapili nakwenda kuonana na wakwe."

Fundi alipima vizuri, kisha akakata inchi nne pungufu ya kipimo. Mkono haukuteleza. Alitaka mama mkwe aone magoti na kuguna.

Jumamosi Kidosho alilivaa, akajitazama kiooni. Hakulia. Yeye asiyejua hata kutunga uzi aliokota sakafuni mabaki yote ya kitambaa, akaanza kuyakunja kwa vidole na kuyashikiza kwa pini za nywele, kunjo baada ya kunjo, mpaka upindo ukashuka chini ya magoti.

"Dada, hebu pitisha cherehani hapa," alisema.

Fundi akapitisha. Wiki iliyofuata mtaa mzima ulitaka gauni kama la Kidosho, na kila aliyeuliza aliambiwa na fundi kwamba marinda ni yake, yule mwingine alivaa tu.

Kwa hiyo jibu la mwalimu lilikuwa tayari ulimini. "Nilibuni mimi. Huyu alivaa tu. Andika hivyo."

Alisema hivyo bila kuthubutu kumtazama mdogo wake.

"Ni kweli, mwalimu," alisema Kidosho. "Dada alilikata gauni fupi makusudi, apate pa kuweka marinda. Dada yangu hajawahi kukosea kipimo."

Mwalimu akaandika haraka haraka, kafurahi. Fundi aliinua macho. Kidosho alikuwa anamtazama bila hasira na bila tabasamu. Alijua. Alijua tangu Jumamosi ile, na miaka yote hiyo amekuwa akija hapa, anakunywa chai, anashonewa nguo na mkono uleule.

Wivu ulimpanda fundi upya, mkali kuliko ule wa suruali. Uzuri kamzidi, mume kampata, jina kalichukua, na leo hata moyo kamzidi! Angalau Kidosho angemuumbua mbele ya mgeni, wakawa sare.

"Futa," fundi alisema.

"Nifute nini?"

"Jina langu. Marinda ni ya huyu. Aliyakunja kwa vidole, hapohapo ulipoweka miguu. Mimi nilipitisha cherehani tu."

"Na kule kukata fupi?"

Fundi alivuta suruali ya karani, akaitandaza mezani.

"Hilo acha lilivyo," alisema. "Nilikata makusudi. Ila marinda sikuyawaza mimi."

Mwalimu aliwatazama wote wawili, kalamu imesimama.

"Ya shemeji nipunguze ngapi?" fundi aliuliza.

"Inchi mbili, dada."

Fundi alipima mara tatu, mdogo wake akitazama, ndipo akashika mkasi.