Chumvi ya Matete

Miguu ya Placide ilivimba hadi viatu vikamkataa. Mganga wa dispensari ya Baraka alisema wazi: akiendelea kula chumvi, moyo utamshinda. Tangu hapo alisukuma kila sahani isiyo na chumvi aliyopikiwa na mkewe, Émilienne, na sasa njaa ilikuwa inammaliza.

Ndipo dada yake, Georgette, alipofika kutoka Lubondja na furushi la majani ya mgomba.

"Kaka, nimekuletea chumvi ya matete. Tulichoma matete, tukachuja majivu, tukakausha. Hii haitoke dukani, haiwezi kukuua."

Placide alinyoosha mkono.

"Chumvi ni chumvi, wifi," Émilienne alisema, akasimama kati yao.

"We unataka kaka yangu afe na njaa ili upumzike kupika?"

Émilienne aliomba kimoyomoyo, Bwana, ongoza mikono yangu, akarudi jikoni. Kwenye sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa, alitia karanga alizokaanga na kutwanga, tangawizi, na pilipili iliyochomwa kwenye makaa. Mwisho akakamulia ndimu.

Placide alionja macho yakiwa kwenye furushi. Akatafuna polepole.

"Ni nini inauma ulimi hivi?"

"Ndimu, baba."

Akamega bugali, akachovya tena. Georgette naye akachovya kidole, akalamba. Kisha akafunga furushi lake.

"Basi hii watalamba mbuzi."

"Amina," Émilienne alisema, ingawa hakuna aliyemsikia akiomba.