Erasto Aliyerudi

Ubongo wa Erasto ulining'inia kwenye kioo chenye taa, na Doreen aliutazama kama mke anayeonyeshwa nyumba ndogo ya mumewe. Ajabu ya dunia! Miaka yote ya ndoa alilala ubavuni mwa kichwa hicho, akakifuta jasho la homa, akakinyoa kwa mkono wake mwenyewe, na leo ndiyo kwanza anaambiwa kilichomo ndani.

Daktari alikuwa mama mpole, asiye na haraka. Aligusa picha kwa ncha ya kalamu. Hapa nyuma ya paji la uso, alisema, ndipo panapomwambia mtu "ngoja kwanza"; dawa ile ambayo madereva humeza wasisinzie barabarani imepapunguza unene. Huku ndani zaidi ndiko kunakotunzwa kumbukumbu, nako kumesinyaa. Yapo na mengine ambayo picha haiwezi kuyaonyesha: ile milango midogo inayopokea furaha imegongwa mno, mingi imejifunga. Ndiyo maana mgonjwa alikuwa ameketi nje kwenye benchi, hacheki, halii, haombi hata maji ya kunywa.

Doreen hakuwa na haja ya masomo. Alikuwa na swali moja tu, alilolibeba tangu usiku Erasto alipovunja kitanda chao akitafuta wanaume ndani ya godoro.

"Atarudi?"

"Akikaa mbali na dawa mwaka mmoja, miwili, sehemu kubwa hujijenga upya," daktari alisema. "Si yote. Lakini anaweza kukaribia vile alivyokuwa kabla hajaanza. Alianza lini?"

Doreen alijibu kwamba ni mwaka juzi, vurugu zilipoanza. Beatrice, wifi yake, aliyekuwa amewasindikiza kutoka Kinyala, alikohoa kidogo.

"Tusimdanganye daktari, wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Alianza alipopewa lori. Kabla hajaoa."

Daktari akaandika, maana kwake hiyo ilikuwa tarehe tu. Doreen aliyarudia maneno hayo moyoni. Kabla hajaoa! Basi yule Erasto aliyekuja Nkunga kumchumbia, akapanda juu ya paa la baba yake mvua ikinyesha na kuliziba hadi jioni bila kuomba chai, alikuwa ni nani? Yule aliyempigia simu kutoka Makambako, kutoka Mikumi, akamsimulia milima na mizani ya malori na watu wa barabarani mpaka kunakucha, akamchekesha hadi ashike mbavu, alikuwa nani? Kijiji kizima cha Nkunga kilimsifu: kijana mchapakazi, hajui kuchoka, hana kinyongo na mtu. Doreen mwenyewe alimshukuru Mungu kanisani kwa sauti.

Kumbe alikuwa akiishukuru dawa.

Waliposhuka stendi ya Tukuyu manyunyu yalikuwa yakianguka, wakajibanza chini ya baraza la duka. Erasto alisimama pembeni akitazama matone. Doreen alimwomba wifi yake amweleze ukweli wote, na asibakize kitu, kwa kuwa mabaya zaidi ameshayasikia. Beatrice akaeleza. Walikaa kikao cha familia. Walikwisha kuona kijana halali, anakonda, meno yanaharibika. Mama yao akasema akipata mke atatulia. Beatrice ndiye aliyemtaja Doreen, rafiki yake wa kwaya, aliyekula naye na kulia naye.

"Kwa nini mimi?"

"Hakuna niliyemjua mvumilivu kama wewe."

"Yaani mliniozesha ili niwe dawa."

"Usiseme hivyo, wifi."

"Nisemeje?"

Doreen alimchukia papo hapo, waziwazi, kwa moyo wote. Erasto angemwambia nini, mtu ambaye hata breki ya kichwani ilikuwa imelika? Lakini hawa wengine walikuwa na akili zao timamu. Walikaa wakanywa chai, wakamchagua.

Hata hivyo hakuondoka. Msimwone mjinga, alikuwa na sababu. Daktari alisema atarudi, na moyo wa Doreen uling'ang'ania neno hilo hata baada ya kujua kwamba atakayerudi ni mtu wa kabla yeye hajamjua. Alimpikia, alimfungia mlango siku za hasira, alimkimbiza nyumbani kila mara lori la rafiki wa zamani liliposimama njia panda. Mvua za Kinyala ziliendelea kunyesha mwaka mzima bila haya, kama desturi yake. Migomba ikazaa, ikakatwa, ikazaa tena. Taratibu Erasto akaanza kulala usiku, akaanza kuomba chumvi, akakumbuka jina la mbwa.

Siku moja aliingia na mkungu begani, akaketi na mama yake jikoni, akachukua kisu, akamenya ndizi. Hakusema lolote. Alimenya kwa utaratibu, akiziweka majini moja moja, na alipomaliza alimtazama mama yake akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Mama mkwe aliangusha mwiko. "Huyu ndiye!" alisema huku akilia. "Erasto wangu ndiye huyu. Tangu utoto hakuwa na maneno. Alikuwa anakaa hivihivi, anamenya, ananitazama." Akaita majirani. Wanawake wakaja wakaimba wimbo wa shukrani uani, Beatrice akiongoza, machozi yakimtiririka.

Doreen naye alilia. Walimshika mabega, wakampongeza kwa uvumilivu wake. Katika uwanja ule wote ni yeye peke yake aliyefiwa.

Erasto aliliona hilo. Watu walipotawanyika alimfuata nyuma ya nyumba, akasimama mbali kidogo, mikono ikiwa haina pa kukaa.

"Unamlilia yule," alisema.

"Yule nani?"

"Wa kwenye simu." Alitafuta maneno muda mrefu. "Mimi sikuwahi kuyajua maneno yale, Doreen. Yalikuwa yanakuja tu."

Doreen angeweza kumtukana. Lakini hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli ambalo mtu yeyote wa nyumba ile alimwambia bila kulazimishwa, nalo lilimuuma kuliko uongo wote. Alimtazama vizuri. Mtu mpole, mzito, mgeni kabisa.

Asubuhi alifunga kitenge chake kizuri, akaingia jikoni walipokuwa mama mkwe na Beatrice.

"Mama, naenda Nkunga kwa baba," alisema. "Mje kuniposa."

Mama mkwe alidhani hakusikia vizuri. Alimkumbusha kwamba ng'ombe walikwisha kupelekwa, na harusi ilifungwa kanisani mbele ya watu.

"Ng'ombe hawana kosa. Maneno ndiyo yalikuwa mabovu. Safari hii mje mseme mbele yangu ni nani mnayemtafutia mke. Mseme alivyo, na alivyoumwa, na kwamba hatapona yote. Kisha mniulize."

"Na utajibu nini?" Beatrice aliuliza.

"Hujaniuliza bado."

Nje, Erasto alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Alikuwa amesikia yote. Yule wa zamani angekwisha kuruka, angeapa, angemtangulia barabarani akiimba. Huyu alisogeza miguu kumpisha, akangoja mpaka Doreen alipofika uani.

"Nije na mimi?" aliuliza.

Doreen alisimama, mgongo ukiwa kwake. Alijua baba yake atakavyomtazama kijana huyo asiye na hadithi, na kimya kitakavyotanda sebuleni.

"Njoo," alisema. "Nataka nikuone."