Hadithi Iliyofumuliwa

Fundi cherehani mmoja alikuwa na kaka yake, mchora mabango, ambaye ugonjwa ulikuwa umemla nguvu za mikono. Ulianza vidoleni, ukapanda mabegani, na daktari hakuwaficha: ukimaliza huko utashukia kifuani. Dada akahamishia cherehani chumbani kwa mgonjwa, akawa anashona, anamlisha, anamgeuza, na kazi ikipungua anamchezea mchezo wake.

Ulikuwa mchezo wa mafumbo, wa kwenye televisheni. Unaingia ndani ya mtu, unatembea mji usioujua, unapekua nyumba na kutegua vitendawili. Ila ulikuwa na ukigeugeu wake: kila ukianza upya, mashine inachanganya hadithi kama karata. Mwizi wa jana leo ni hakimu, ufunguo uliokuwa kisimani uko darini, na hadithi ya kwanza hairudi tena, hata ulie machozi ya damu.

Hadithi aliyokuwa nayo kaka aliianza mikono ikiwa bado mizima. Ilimhusu mwanamke mlinzi wa lango aliyepotelewa na mwanawe, na mchezaji ndiye huyo mwana, anatafuta njia ya kurudi. Kaka alisema hana haja nyingine duniani ila kujua kama yule mama atamtambua mwanawe. Alisema kama utani, lakini dada alimjua ndugu yake, wala hakucheka.

Wakafika mlango wa mwisho. Kaka anaelekeza, dada anabonyeza, na maneno ya undugu hayakosi: huyu anasema vidole hivyo ni vya kushonea magunia, yule anajibu kwamba bosi asiye na mikono hachagui kibarua. Mchana mmoja usingizi ukampitia kaka katikati ya fumbo. Dada akaona heri amalizie, kaka aamke akute mlango wazi. Akabonyeza picha isiyo sahihi. Ukuta ukasogea, njia ikaziba.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Mshonaji akikosea hafanyi makelele. Anafumua mpaka pale alipokosea, anashona tena, na nguo haimsemi kwa mtu. Akaona maneno "Anza upya", akayachukulia kuwa ndiyo kufumua. Kaka alikwisha kumwonya, lakini mkono uliozoea hausikii. Akabonyeza. Mji ukageuka mwingine, na lango halikuwapo.

Kaka alipoamka alikuta televisheni imezimwa na dada anazungusha gurudumu la cherehani bila kitambaa. Akauliza wamefikia wapi. Dada akamwambia mlango ulifunguka, akaona vibaya kumwamsha. Kaka akamtaka amsimulie yote.

Akasimulia, macho kwenye sindano. Mwana alifika langoni amechakaa, mama asimtambue, akamwambia apite kama wapitaji wengine. Mwana akaomba maji tu. Ndani, mezani, palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani. Akauliza ni ya nani. Mama akasema ni ya mtu asiyejulikana saa ya kurudi. Humpakulia kila mlo, na chakula kikilala, yeye mwenyewe hukila asubuhi, akafunika kingine.



"Njia ya mwongo fupi, mdogo wangu," kaka akasema. "Hiyo sahani ni ya mama yetu. Alikuwa akinifunikia mimi, nilipokuwa natangatanga na mabango yangu. Mashine itaijulia wapi?"

Dada akasimamisha gurudumu. "Niliifumua, kaka. Nilidhani itarudi pale pale."

Kaka akaikazia macho televisheni iliyozimwa. Hasira ilimpanda usoni na hakuificha. Akasema kwa taabu kwamba safari yote ile imekwenda na maji, na yeye hana muda wa kuanza nyingine. Chumba kikabaki na pumzi za mgonjwa, moja nzito, moja nyepesi, mpaka ile hasira ikachoka kabla ya mwenyewe.

"Sasa usiniachie njiani," akasema. "Yule mama alimjua mwanawe?"

Dada akasogeza kiti karibu na kitanda. "Alimpa ile sahani, akamjua kwa alivyokula. Mwana alitenga kilichoungua pembeni, akakila mwisho, kama ulivyokuwa ukifanya wewe."

"Nilikuwa nakianza," kaka akasema, amefumba macho. "Rekebisha hapo, halafu endelea."

Dada akafumua mpaka kwenye sahani, akaanza tena pale pale.