Zeyana Alivyomchagua Dokta Masolwa

Fomu ya wizara ilikuwa na nafasi tatu. Daktari aliyemaliza mwaka wa mazoezi na kutaka kusomea upasuaji alitakiwa kutaja hospitali tatu, akianza na ile anayoitaka zaidi. Wenzake Zeyana Nabhan waliandika Dar es Salaam kwanza, kisha Moshi au Mwanza. Zeyana aliandika Igombelo, hospitali iliyo maili kumi na mbili nje ya Tabora, na nafasi mbili zilizobaki akazipiga mstari.

Kisha akamwandikia barua mkuu wa hospitali hiyo, Dokta Justus Masolwa.

"Igombelo ndiyo chaguo langu la kwanza na sina la pili," aliandika. "Nikipewa nafasi nitaikubali siku hiyo hiyo. Nimesikia habari zako tangu nikiwa mtoto, na kwako ndiko ninakotaka kujifunza."

Aliisoma tena kabla ya kuifunga. Hakukuwa na neno la uongo ndani yake.

Habari za Dokta Masolwa alizisikia mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, siku ya Uhuru, mwaka sitini na moja. Asubuhi hiyo dada yake Tufaha alikuwa na uchungu wa kujifungua tangu alfajiri, na mkunga wa mtaani alipogundua kwamba mtoto amelala vibaya, baba yao, Mzee Nabhan, hakungoja. Alimpakia Tufaha kwenye lori lake la asali na nta, akampakia mama yao, Bi Masika, na Zeyana wa kushika mtungi wa maji. Walifika Igombelo saa mbili. Daktari hakuwapo. Alikuwa mjini, kwenye sherehe.

Walikaa kwenye varanda. Muuguzi alikuja, akaondoka, akaja tena. Saa sita Tufaha alikuwa bado anaongea. Saa nane aliacha kuongea. Dokta Masolwa alifika saa kumi, amevaa suti na beji ya bendera mpya kifuani, na alipomaliza kumpima alitoka akasimama mbele ya watu wote waliokuwa pale.

"Mmemleta maiti," alimwambia Mzee Nabhan kwa sauti ya juu. "Mmemfungia ndani na makombe yenu ya kunywesha mpaka amekufa, ndipo mnanikumbuka mimi."

Kwenye cheti aliandika kwamba mgonjwa aliletwa saa tisa alasiri, amecheleweshwa na ndugu zake.

Maneno hayo yalifika Isevya, mtaani kwao, kabla ya jeneza. Wakwe wa Tufaha waliondoka matangani siku ya pili bila kuaga. Mzee Nabhan alieleza, akaapa, akaeleza tena, lakini nani angemwamini mfanyabiashara mbele ya daktari? Na daktari mwenyewe hakuyaacha. Kila alipohutubia kina mama vijijini, kuanzia Itetemia mpaka Bukene, alisimulia habari za Mwarabu mmoja wa mjini aliyemuua binti yake kwa kumficha. Hakutaja jina. Hakuhitaji kulitaja. Mzee Nabhan aliacha kukaa barazani jioni, akawa anaswali na kurudi ndani moja kwa moja.

Kwa hiyo jibu la Igombelo lilipokuja mwaka sabini na tatu, likisema amekubaliwa, Zeyana alikwenda nalo Isevya mwenyewe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Wamekupeleka wapi?"

"Igombelo."

Mzee Nabhan aliiweka karatasi chini. "Kwa yule?"

"Kwa yule yule. Nimemwomba mimi."

"Utamtumikia?"

"Nitamtumikia, nitajifunza kila anachokijua, halafu atanijua mimi ni nani."

Bi Masika alitaka kusema kitu. Mumewe alimtazama, naye akaenda kuleta kahawa.

Siku ya kwanza Dokta Masolwa alimpokea kwa furaha. Alikuwa mwanamume mnene mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili wake. Alimwambia kwamba hakuna daktari aliyewahi kuitaja Igombelo ya kwanza, wote huja wakiwa wamekataliwa kwingine, na kwamba barua yake ameionyesha hata kwa mkuu wa wilaya.

"Nabhan," alisema akilitazama faili. "Wa hapa hapa Tabora?"

"Wa Isevya."

Zeyana alingoja. Alikuwa amejiandaa kwa dakika hiyo miaka mingi, akijiuliza uso wake utakuwaje.

"Vizuri," alisema daktari. "Basi hutasumbuka na chakula chetu." Akafunga faili.

Hakukumbuka. Jina la baba yake halikuwa limemkaa kichwani hata kidogo. Zeyana alitembea mpaka chumbani kwake, akakaa kitandani na hasira yake.

Tatizo ni kwamba Masolwa alikuwa mwalimu kweli. Ile mikono midogo ilifanya kazi bila papara, na alimwachia mwanafunzi kisu mapema kuliko walimu wengine. "Usiogope damu," alimwambia. "Ogopa kutokujua inakotoka." Zeyana alichukua yote. Usiku alisoma, asubuhi alikuwa wa kwanza chumba cha upasuaji. Kila alichofundishwa alikipokea kama mtu anayechukua chake kilichokuwa kimezuiliwa.

Mwezi wa nane walimpasua mama mmoja wa Bukene ambaye mtoto wake alikuwa amelala kama alivyolala yule wa Tufaha. Zeyana alikuwa ameshika vyuma vya kutanulia jeraha, na wauguzi wanafunzi wawili wamesimama ukutani. Mtoto alitoka akalia. Daktari alianza kushona, na alipokuwa anashona akaanza kusimulia.

"Huyu ameletwa mapema, ndiyo maana yuko hai. Kulikuwa na Mwarabu mmoja mjini, zamani, alimfungia binti yake ndani siku nzima..."

Alisimulia mpaka mwisho. Aliongeza hata hirizi ambazo hazikuwapo. Mmoja wa wanafunzi alicheka kidogo kwa masikitiko. Zeyana alikuwa na mikono ndani ya tumbo la mtu, na hakuweza kuitoa.

"Uko sawa, Dokta Zeyana?" alimuuliza daktari.

"Niko sawa."

Jioni hiyo alimfuata muuguzi mkuu, Sista Josepha, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe chini ya kofia. Ndiye aliyewapokea siku ile varandani. Zeyana alimtambua tangu wiki ya kwanza, na Josepha alimtambua pia. Kwa muda wote huo walikuwa wakikwepana macho.

"Ulijua anadanganya," Zeyana alimwambia.

"Nilijua."

"Utasema?"

"Usiniingize, mwanangu. Amenisomeshea watoto wawili. Bado mwaka mmoja nistaafu."

Mwaka uliofuata, sikukuu ya Saba Saba ilipokaribia, wilaya iliomba kila mahali pa kazi patoe jina la mfanyakazi wa mfano. Wafanyakazi wa Igombelo walikutana kwenye ukumbi wa kulia chakula. Mwenyekiti wa kamati yao, fundi mitambo aitwaye Mfaume, alilitaja jina la Dokta Masolwa, na watu wakapiga makofi. Daktari alikuwa amekaa mbele, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Zeyana alisimama.

"Ndugu Mwenyekiti, Mwongozo wa Chama unasema kiongozi asiwe mwenye kiburi wala mwonevu, na sisi wafanyakazi tuna haki ya kumkosoa. Napinga jina hilo."

Dokta Masolwa aligeuka, bado anatabasamu, kama mtu aliyesikia utani wa mwanawe.

"Yule Mwarabu unayemsimulia kila mahali ni baba yangu," alisema Zeyana. "Anaitwa Nabhan. Binti aliyekufa aliitwa Tufaha. Tulifika saa mbili asubuhi, Dokta. Nilikuwa nimeshika maji. Wewe ulikuwa kwenye sherehe, ukaja saa kumi, ukaandika uongo, na miaka kumi na mitatu unautangaza."

Tabasamu lilikwenda. "Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Mtoto hajui saa."

Mfaume alijikuna shingo. "Dokta Zeyana, haya ni mazito. Una shahidi?"

Zeyana hakuwa na shahidi. Alisimama tu, bila kumtazama mtu. Kisha kiti kilisogezwa mwishoni mwa ukumbi.

"Niliwapokea mimi," alisema Sista Josepha. "Saa mbili na dakika chache. Nilimtuma mtu mjini kwa baiskeli mara mbili."

"Josepha," alisema daktari.

"Mara mbili, Dokta. Mara ya pili ulimwambia asirudi tena."

Dokta Masolwa aliangalia meza. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo. "Walinikalisha jukwaani. Mkoa mzima daktari Mwafrika nilikuwa mimi peke yangu. Nilifikiri yule mama anaweza kungoja kidogo."

"Na hayo mengine?" aliuliza Zeyana. "Kila kijiji?"

Zeyana aliona jasho likimteremka daktari shingoni na akafurahi. Hakuificha furaha hiyo. Alimtazama mpaka alipoinuka na kutoka.

Wizara ilituma watu wawili, wakahoji, wakaandika. Dokta Masolwa alivuliwa ukuu na kupelekwa kwenye kituo cha afya upande wa Kigoma. Kabla hajaondoka, Zeyana alimpelekea dai moja: akakiri Isevya, Ijumaa, baada ya swala, mbele ya watu.

Alikwenda. Alisimama nje ya nyumba ya Mzee Nabhan na kofia mkononi, mtaa mzima umejaa, akasema kwamba Tufaha aliletwa mapema, kwamba aliyechelewa ni yeye, na kwamba alisema uongo kwa kuogopa. Mzee Nabhan alimsikiliza akiwa mlangoni.

"Nimesikia," alisema.

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nyumba ile haikuwahi kumwacha mgeni aondoke bila kahawa, hata mdai kodi. Dokta Masolwa alingoja kidogo, kisha akavaa kofia, akaelekea stesheni, na watu wakampisha bila salamu.

Igombelo ikabaki bila daktari bingwa wa upasuaji. Wiki tatu baadaye barua ilikuja kwamba mafunzo yamesimamishwa na Zeyana aripoti Mwanza, akaanze mwaka wa kwanza upya. Wakati huo huo kila mtu aliyehitaji kupasuliwa alipandishwa lori kupelekwa mjini, na mzee mmoja wa Itetemia mwenye utumbo uliojikunja alifia njiani. Zeyana alisikia habari hiyo kwa Josepha, akaenda kufunga sanduku lake.

Bi Masika alimsindikiza stesheni.

"Ungejua yatakuwa hivi, ungeandika ile barua?" alimuuliza, treni ikiwa tayari imeanza kupiga honi.

"Ningeiandika, Mama."

"Na yule mzee wa Itetemia?"

Zeyana alipokea kikapu cha chakula kutoka mikononi mwa mama yake, akapanda, akatafuta kiti cha dirishani. Mama yake alibaki amesimama chini, akingoja jibu, mpaka behewa likaanza kusogea.