Zinakokwenda Kilo za Baba

Baba alikuwa ameshamjua mwizi. Ni dada, anayempikia.

"Ananipunja," aliniambia chumbani kwake, huku akiutazama mlango. "Sahani inakuja imejaa, naimaliza, wiki ikiisha nimepungua. Mzigo haupotei hivihivi, mwanangu. Kuna mtu anaushusha njiani."

Baba alifanya kazi kwenye mizani ya barabarani, ile ya kupimia malori, mpaka akastaafu. Mtaani ni Mzee Mizani hadi leo. Hakuna ujanja wa dereva asioujua: tairi la nyuma kuachwa nje kidogo ya bamba la kupimia, tangi kujazwa maji lori likipimwa tupu na kumwagwa mbele ya safari, ili mzigo uonekane mdogo. Aliwahi kulizuia lori la mdogo wake wa tumbo moja kwa sababu lilizidi, na baba mdogo akatununia mpaka mimi nikaota ndevu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kilo zake zimeondoka tu, atataka kujua zimepitia geti gani.

Dada aliposikia anatuhumiwa alicheka, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mimi ndiye niliyeitwa kutoa ushahidi, kwa kuwa nilisoma kemia chuo kikuu. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu, halafu nikaacha chuo, au chuo kikaniacha, hatukuwahi kukaa kulijadili. Dada huniita Profesa Nusu. Katika nyumba ile mimi ndiye wa kuficha rimoti na kumpigia dada, muuza keki, simu kwa sauti ya bibi harusi anayetaka keki ya ghorofa saba. Kwa hiyo nilipoingia chumbani kwa baba na chupa tupu ya soda, siki, magadi na mizani ya dada ya kupimia unga, wote wawili walikaa mbali nami.

"Kikilipuka, shuka utafua wewe," dada alisema.

Nilitia siki kidogo kwenye chupa. Magadi nikayafunga kwenye kipande cha karatasi laini, nikayadumbukiza, nikakaza kizibo haraka. Chupa ikaanza kuchemka yenyewe na kuwa ngumu kama jiwe. Nikaiweka juu ya mizani.

"Soma, mzee."

Baba alivaa miwani. Kusoma mizani alikuwa hajasahau. Aliinama mpaka macho yakawa sawa na namba. Povu lilipanda, likashuka, likaisha. Namba haikutikisika.

"Imefungwa," nikamwambia. "Ndani kila kitu kimebadilika, ila hakuna kilichotoka. Sasa angalia."

Nikalegeza kizibo. Psss. Namba ikashuka.

Baba aliniangalia, akaiangalia chupa, akaniangalia tena. "Hewa," akasema. "Hewa ina uzito."

"Ina uzito. Na wewe ndiyo chupa yenyewe, ila huna kizibo."

Hakuridhika, alitaka hesabu. Nikageuza kalenda ya ukutani, nikamwandikia kwa nyuma: mafuta ya mwilini upande wa kushoto, pamoja na hewa safi anayoivuta, mshale, upande wa kulia hewa chafu anayoitoa, pamoja na maji. Mafuta yana kaboni hamsini na tano, haidrojeni mia moja na nne, oksijeni sita; hewa safi ina oksijeni mbili, hewa chafu mbili, maji moja. Mwanzoni pande hazikulingana. Baba alizihesabu kwa kidole kama ekseli za lori.

"Huku oksijeni nane, kule tatu. Hili halipiti."

"Ndiyo kazi yenyewe. Huruhusiwi kubadilisha kilichomo ndani ya gari. Unaongeza magari tu mpaka pande zilingane."

Tukaongeza magari. Hewa chafu hamsini na tano, maji hamsini na mbili. Nikamwachia atafute mwenyewe hewa safi inayotakiwa. Ilimchukua muda, alipumzika mara kadhaa, chai ikapoa. "Sabini na nane," akasema mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu augue nilimwona anatabasamu mpaka kwenye lile pengo la jino. Akahesabu kushoto, akahesabu kulia. Sawa kwa sawa.

"Kwa hiyo natokea mdomoni."

"Mdomoni na puani, kama mvuke na hewa chafu. Maji mengine yanatokea chooni."

"Siku nzima."

"Hata ukilala."

Alijisikiliza anavyopumua. Kisha akasema nimwite dada. Dada alipokuja, baba alimuuliza kama kile kipande cha keki cha jana bado kipo. Kwa baba hiyo ndiyo samahani, wala hana nyingine.

Mlinganyo ukikaa sawa unaridhisha sana. Ubaya wake ni kwamba mshale unaelekea upande mmoja. Nilimweleza baba vizuri kabisa kilo zake zilikokwenda, na hakuna hata moja niliyoweza kumrudishia.

Na alizihitaji. Kuna uvimbe tumboni, na dawa ya kuupunguza ni ile ya kutundikiwa kwenye mshipa. Muuguzi alishatuonya: akishuka chini ya kilo arobaini na tano, daktari hatoi. Siku moja kabla ya kwenda kutundikiwa tulimpima kwenye duka la dawa hapo jirani. Arobaini na tatu na nusu.

"Tumtie kufuli mifukoni," nikasema. Nilisema kama utani, ili mmoja wao anikatalie.

"Chuma kinagonga," baba akasema. "Mtu wa mizani ana masikio."

"Basi anywe maji," dada akasema.

"Maji ni mzigo mzuri, ila nitatapika." Akafikiri, amefumba macho, na nikajua kichwani mwake malori yanapita moja baada ya jingine, na madereva wote aliowakamata wanamshauri. "Chumvi," akasema. "Chumvi imetulia, wala haina sauti."

Dada akashona mifuko ndani ya fulana ya baba, pakiti nne za nusu kilo, mbili mbele, mbili nyuma. Tulicheka sana asubuhi ya kwenda. Baba alivaa shati juu yake, akajitazama kwenye kioo. "Nimenenepa," akasema. "Mama yenu angenikubali tena."

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno, na mizani ilisimama karibu na ndoo ya kunawia mikono. Muuguzi alimwambia avue koti na viatu. Baba akapanda akiwa amekaza shingo.

"Arobaini na tano na nusu," muuguzi akasema. "Safi, mzee. Unajitahidi kula."

"Binti yangu anajua kupika," baba akajibu.

Dada alinifinya mkono kwa furaha. Na hapo muuguzi akachukua kikokotoo.

"Unapiga hesabu gani, sista?" nikauliza.

"Ya dawa. Inakwenda kwa kilo. Ni kali hii, kaka yangu. Ikizidi mwili wa mtu, ini halihimili. Ndiyo maana wale wembamba sana hatuwapi kabisa, hata kidogo inawamaliza."

Mimi, na miaka yangu mitatu ya chuo, nilikuwa nimeongeza kitu upande wa kushoto bila kufikiri kitatokea nini upande wa kulia. Muuguzi alikuwa anampimia dawa mtu ambaye hakuwepo pale, mwenye kilo mbili za mwili pale palipokuwa na chumvi ya dukani. Nilimwangalia baba. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Alitikisa kichwa polepole, kunikataza.

"Sista," nikasema, "pima tena."

"Nyamaza wewe," baba akasema.

"Amebeba chumvi."

Muuguzi alicheka. Watu wote hucheka nikisema kitu, ndiyo shida ya kunizoea. Ilibidi dada mwenyewe afungue vifungo vya shati la baba, machozi yakimtoka, atoe pakiti moja moja na kuzipanga juu ya meza, karibu na pamba.

Arobaini na tatu na nusu.

Daktari hakutukaripia. Alisema mzee apumzike, ale, aongeze mwili, arudi baada ya wiki mbili. Nikamuuliza uvimbe nao utapumzika hizo wiki mbili? Akasema anaelewa.

Kwenye korido baba alikaa kwenye benchi, shati limefungwa kombo. Sikuthubutu kumrekebishia.

"Maisha yangu yote sikumpitisha mtu," akasema. "Hata mdogo wangu. Leo tu, wewe ungeniacha nipite."

"Ingekuua, baba."

"Na huu uvimbe?"

Nilitafuta utani, nikaukosa.

Nyumbani dada alimimina chumvi yote kwenye kopo kubwa, akaweka chungu jikoni. Baba alilala chali, akiitazama ile kalenda iliyogeuzwa. Mchana ulikuwa wa joto, pazia halisogei. Niliketi pembeni ya kitanda. Kila alipotoa pumzi nilijua ni nini kinachotoka, na sehemu zake, na jina lake, na sikuwa na mahali pa kuikingia.

"Ile chupa," akasema, macho bado ukutani. "Ilipokuwa imefungwa, haikupungua."

"Haikupungua."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo, baba."

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Basi funga dirisha."

Najua chumba si chupa. Najua hewa ikishatoka haigeuki kuwa nyama, hata ukiifungia mwaka mzima. Mshale hauko hivyo. Ningeweza kumwandikia yote hayo kwenye kalenda.

Niliinuka, nikafunga dirisha. Nikafunga na mlango, nikasukumia kitambaa kwenye upenyo wa chini, nikarudi kukaa karibu naye, nikiivuta pumzi yangu kidogo kidogo.